Tisini kwa Mia Wamepata Kazi: Lakini Mia Gani?

Mzazi anunuapo ng'ombe wa maziwa hatosheki na maneno ya muuzaji. Humtazama kiwele, humfungua kinywa akamhesabu meno, na akiwa mtu mwangalifu huomba amwone akikamuliwa asubuhi. Lakini mzazi huyohuyo anapompeleka mtoto wake katika chuo cha kazi, kiwe cha ufundi wa umeme, cha upishi, cha kuhudumia wagonjwa au cha ukarani, hutoa fedha ambazo mara nyingi zazidi bei ya ng'ombe, kwa ajili ya kitu asichoweza kukigusa, yaani kazi ambayo mtoto ataipata baada ya mwaka mmoja au miwili. Hapo hana la kutazama ila majengo na matangazo. Jambo moja tu ndilo liwezalo kumwonyesha kidogo mambo yatakavyokuwa, nalo ni habari za wale waliotangulia: walianza wangapi, walimaliza wangapi, na sasa wangapi wanafanya kazi ile waliyofundishwa.

Katika nchi ya Marekani hesabu hiyo imeleta mashtaka makubwa, na habari zake zafaa kujulikana na kila mtu mwenye mtoto anayekaribia kumaliza shule. Huko viko vyuo vingi vya kazi ambavyo ni mali ya makampuni, navyo huendeshwa kwa kutafuta faida kama duka au kiwanda. Wanafunzi wengi wa vyuo hivyo ni watu wa hali ya chini, nao hulipa ada kwa mikopo ya Serikali. Kijana hutia sahihi, fedha huenda chuoni, na deni hubaki kwake. Tena vyuo haviwezi kupokea wanafunzi wenye mikopo hiyo bila kuwa na kibali cha mabaraza ya wakaguzi, na baadhi ya mabaraza hayo yaliweka kiwango cha wanafunzi wanaopaswa kuwa wamepata kazi. Chuo kikishindwa kukifikia, kibali chake kimo hatarini.

Msomaji ataona mara moja palipo na tatizo. Hesabu ya kazi ilikuwa ni tangazo la kuvutia wanafunzi, na papo hapo ilikuwa ni ufunguo wa sanduku la Serikali, na aliyekuwa akiihesabu ni mwenye chuo mwenyewe. Mtu akiachiwa mizani apime mahindi yake mwenyewe, yatakuwa mazito.

Kampuni iliyojulikana kuliko zote katika jambo hili iliitwa Corinthian Colleges. Ilianzishwa katika jimbo la California mwaka 1995, ikanunua vyuo hapa na pale mpaka ikawa na zaidi ya mia moja katika Marekani na Kanada. Vyuo vyake vilikuwa na majina matatu: Everest, ambamo wengi walijifunza kazi za kuwasaidia madaktari na kazi za ofisini, WyoTech, chuo cha ufundi wa magari, na Heald, ambacho ni chuo cha zamani sana katika upande wa magharibi wa nchi ile. Kwa muda fulani wanafunzi wa kampuni hiyo walipita 100,000, na fedha za Serikali zilizoingia humo kwa njia ya mikopo na misaada zilifika karibu dola bilioni 1.4 kwa mwaka.

Mwezi wa Oktoba 2013 Mwanasheria Mkuu wa California wakati huo, Bibi Kamala Harris, ambaye baadaye alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani, aliishtaki kampuni hiyo mahakamani. Katika hati za mashtaka yalitolewa maandishi ya kampuni yenyewe yaliyoeleza ni watu gani wa kutafutwa wawe wanafunzi. Walitakiwa watu wapweke, wasio na subira, wasiojithamini, wasio na watu wengi wa kuwajali, na wasioweza kuona njia ya mbele. Maneno hayo yapasa kusomwa mara mbili. Mtu wa namna hiyo hana mjomba karani wa kumwuliza, wala jirani aliyepitia chuo kile. Akiambiwa katika simu kwamba wengi wa waliomaliza wamepata kazi, hana kwa kulipeleka neno hilo likapimwe.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba 2014, idara ya Serikali inayowalinda watu katika mambo ya mikopo na fedha nayo ilifungua shauri. Ilidai kwamba katika vitabu vya Corinthian kazi iliyodumu siku moja tu ilihesabiwa kuwa ni kazi, na kwamba kampuni ililipa waajiri mpaka dola 2,000 ili wawachukue waliomaliza kwa muda mfupi. Yaani kijana alilipa ada apate kazi, kisha sehemu ndogo ya fedha ikatumika kumnunulia kazi ya siku chache, ili chuo kipate kumwambia kijana mwingine kwamba mwenzake ameajiriwa. Ada yenyewe si haba: masomo ya miaka miwili katika vyuo vya Everest yalipita dola 30,000.

Idara ya Elimu ya Marekani ilipochunguza chuo cha Heald ilipata mambo ya ajabu zaidi. Mwanamke mmoja aliyemaliza masomo ya uhasibu mwaka 2011 aliandikwa kuwa amepata kazi ya fani yake. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuuza chakula, naye alikuwa ameianza mwezi wa Juni 2006, miaka mitano kabla ya kumaliza masomo. Tena kulikuwa na wengine ambao chuo kiliwalipia mawakala wa vibarua ili waajiriwe katika chuo kilekile, wahamishe mashine za kompyuta na kupanga nyaya zake, na kazi ikiisha baada ya siku mbili basi nao waliingia katika daftari ya walioajiriwa. Tarehe 14 Aprili 2015 Idara ilitangaza kwamba imepata hesabu 947 za namna hiyo zisizo za kweli, ikakitoza chuo faini ya karibu dola milioni 30. Kabla ya mwezi kwisha kampuni ilifunga vyuo vyake vyote vilivyobaki, na wanafunzi kama 16,000 wakajikuta nje bila kumaliza.

Sasa tuyaache majina ya vyuo kwa muda kidogo tuitazame hesabu yenyewe, maana hila kubwa haikuwa kusema uongo mtupu. Uongo mtupu hushikwa upesi. Hila ilikuwa katika kuchagua ni nani wa kuhesabiwa na ni nani wa kuachwa.

Tuseme vijana 100 waliingia chuoni mwezi wa Januari. Hao ni mfano tu, si wa chuo chochote. Arobaini waliacha njiani kwa kukosa ada, kwa ugonjwa, au kwa kuona masomo hayafai. Wamebaki 60 waliomaliza. Chuo kinasema kwamba 10 kati yao hawakutafuta kazi kwa bidii, basi kinawaondoa. Wengine 10 hawakujibu barua, nao wanaondolewa. Sasa wamebaki 40. Katika hao 40, watu 36 wana kazi ya namna fulani, na chuo kinaandika katika tangazo kwa herufi kubwa: Tisini kwa mia wameajiriwa! Kwa njia yake ya kuhesabu chuo hakikukosea, kwa sababu 36 katika 40 ni sawasawa na 90 katika 100. Lakini tukiwauliza wale 36 mmoja mmoja, tunaona 14 walikuwa na kazi hizo tangu kabla ya kuingia chuoni, na 6 wengine wanauza dukani au kuendesha gari, kazi ambazo hawakufundishwa. Wamebaki 16. Basi katika vijana 100 waliotoa fedha zao mwezi ule wa Januari, waliopata kile walichokinunua ni 16.

Tangazo limesema 90, nasi tumepata 16, na hakuna tarakimu hata moja iliyobuniwa. Mkulima wa kahawa hulijua jambo hili vizuri. Muuza miche akijisifu kwamba miche yake tisini kwa mia imeshika, mkulima humwuliza kama amehesabu na ile iliyokauka katika kitalu kabla ya kupandwa.

Wala huu si mfano wa kutungwa usio na mwenziwe duniani. Chuo Kikuu cha DeVry, ambacho nacho ni cha kampuni, kilitangaza kwa miaka mingi, katika televisheni na kwingineko, kwamba 90 kwa mia ya wanafunzi wake waliomaliza na waliokuwa wakitafuta kazi kwa bidii walipata kazi ya fani yao katika muda wa miezi sita. Mwezi wa Januari 2016 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ilikishtaki, ikidai kwamba miongoni mwa hao waliohesabiwa alikuwako mtu aliyesomea usimamizi wa mambo ya ufundi na sasa alikuwa akipeleka barua za posta vijijini, na mwingine aliyesomea biashara ambaye alikuwa mtumishi wa mezani katika hoteli ya chakula. Kazi ya posta ni ya heshima, na kupeleka sahani mezani pia ni riziki ya halali, lakini hakuna aliye na haja ya kukopa maelfu ya dola ili azipate.

Mwezi wa Desemba mwaka uleule DeVry ilipatana na Tume kwa jumla ya dola milioni 100, nusu kwa fedha taslimu na nusu kwa kusamehe madeni. Jambo halikuishia hapo. Mwezi wa Februari 2022 Idara ya Elimu ilipokubali madai ya wanafunzi wapatao 1,800 wa DeVry na kuwaondolea deni la dola milioni 71.7, ilieleza kwamba hesabu ya kweli ilikuwa karibu 58 kwa mia, na kwamba zaidi ya nusu ya kazi zilizohesabiwa katika ile 90 zilipatikana muda mrefu kabla mwenyewe hajamaliza masomo.

Pengine msomaji atauliza kwa nini DeVry haikutangaza ile 58. Kijana mwenye akili akiambiwa kwamba 58 katika 100 wanapata kazi ya fani yao, huenda bado akaenda, kwa kuwa hesabu hiyo si mbaya. Mimi nadhani ni kwa sababu chuo cha pili barabara ileile kilikuwa kikitangaza 80 au 85, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kweli. Ndiyo maana jambo hili halikuweza kuachiwa vyuo peke yao. Chuo chenye walimu hodari na hesabu ya kweli kilionekana kibaya mbele ya chuo chenye walimu hafifu na hesabu ya kupikwa, na wanafunzi wakakimbilia chuo cha pili.

Katika California sheria ya mwaka 2009 imejaribu kulirekebisha jambo hili. Kabla mwanafunzi hajajiandikisha katika chuo cha watu binafsi, chuo chapaswa kumpa karatasi yenye hesabu nne: ni wangapi waliomaliza masomo, ni wangapi waliopata kazi ya fani, ni wangapi walioshinda mtihani wa Serikali ikiwa kazi yahitaji leseni, na mshahara wao ulikuwaje. Mwanafunzi hutia sahihi na tarehe kuonyesha kwamba amepewa. Kwa maoni yangu uzuri wa sheria hiyo ni kwamba imesema waziwazi kazi ni nini. Kazi ya saa chache kwa juma huonyeshwa mbali na kazi ya saa nyingi, anayejiajiri huonyeshwa mbali na aliyeajiriwa, na aliyeajiriwa na chuo chenyewe naye huonyeshwa mbali, ili zile siku mbili za kuhamisha kompyuta zisipate mahali pa kujificha. Watu wanaoruhusiwa kuondolewa katika hesabu nao wametajwa: aliyekufa, aliyefungwa, aliyeingia jeshini, aliyeendelea na masomo mengine, na mgeni aliyerudi kwao. Ambaye hakujibu barua hakutajwa.

Hata hivyo karatasi ni karatasi. Vyuo vya Corinthian vilikuwa katika jimbo hilohilo, chini ya sheria hiyohiyo, na wakaguzi waliokuwa wakivipa vibali hawakuyaona mambo haya, au hawakupenda kuyaona. Baraza mojawapo kubwa lililovikagua, liitwalo ACICS, liliondolewa kutambuliwa na Serikali mwaka 2016, likarudishwa mwaka 2018, kisha likaondolewa tena mwaka 2022. Kwa sababu hiyo baadhi ya watu wa elimu huko waligeukia njia nyingine ambayo mimi naiona ni bora, nayo ni kutomwuliza mwenye chuo hata kidogo. Serikali inayotoza kodi ya mapato hujua ni nani anafanya kazi na analipwa kiasi gani. Basi tangu Septemba 2015 Idara ya Elimu ya Marekani imetoa kwa watu wote hesabu za mapato ya waliosoma katika kila chuo kinachopokea fedha za Serikali, zikitolewa katika daftari za Serikali yenyewe. Kampuni yaweza kumlipa mwajiri amchukue kijana kwa siku moja, lakini haiwezi kumfanya alipe kodi ya mshahara asioupata.

Njia hiyo nayo ina upungufu wake. Inahesabu mshahara, haisemi kama ni mshahara wa kazi ile aliyofundishwa. Tena masharti ya kuvinyima mikopo vyuo ambavyo wanafunzi wake wana deni kubwa kupita mapato yao yamekuwa kama mlango wa upepo: yaliwekwa mwaka 2014, yakafutwa mwaka 2019, yakaandikwa upya mwaka 2023.

Na wale wanafunzi wa Corinthian je? Mwezi wa Machi 2016 mahakama ya San Francisco iliihukumu kampuni kulipa zaidi ya dola bilioni 1.1. Lakini kampuni ilikwisha kufilisika tangu Mei 2015, na hukumu haiwezi kukamua ng'ombe aliyekufa. Wengi waliendelea kudaiwa mikopo yao mwaka baada ya mwaka. Waliandika barua, walishitaki, na wengine walikataa kulipa wakisema hawatalipia kitu ambacho hawakupewa. Mwezi wa Juni 2022 ndipo Serikali ilipotangaza kufuta madeni yote yaliyobaki ya mikopo yake kwa watu 560,000 waliosoma katika vyuo vya kampuni hiyo tangu 1995, jumla yake dola bilioni 5.8. Fedha hizo zililipwa na hazina ya umma, si na wale waliopanga hesabu. Na mtu aliyeingia chuoni akiwa na miaka ishirini mwaka 2008 alikuwa na miaka thelathini na minne siku aliposamehewa.

Kwetu Kenya mambo si sawasawa na ya Marekani, lakini ada inayolipwa kwa kuuza mtamba au kwa akiba ya chama inauma kuliko ya mkopo, maana hakuna atakayeirudisha. Sheria ya mwaka 2013 iliunda Mamlaka ya kusimamia elimu na mafunzo ya ufundi, nayo husajili vyuo. Kabla ya jambo lolote mzazi aulize kama chuo kimesajiliwa na kama somo lile analolitaka mtoto wake limeruhusiwa kufundishwa hapo. Lakini usajili ni ruhusa ya kufundisha tu. Hausemi ni wangapi waliopata kazi.

Kwa hiyo mzazi akifika katika ofisi ya chuo na kuambiwa kwamba wengi wanaajiriwa, asione haya kumwomba karani kalamu na karatasi. Na aulize hivi: Katika darasa lililoingia mwaka ule, waliandikishwa wangapi? Waliofika mwisho ni wangapi, na waliofaulu mtihani ni wangapi? Wanaofanya kazi ya fani yao ni wangapi, na kazi hiyo walikuwa nayo kabla, au wameipata baada ya masomo? Je, hao mnaosema wameajiriwa wako katika kazi ya kudumu, au wako katika mazoezi yasiyo na mshahara? Chuo kizuri hakitachukia maswali hayo. Huenda mkuu wake akajibu kwamba hakuwafuata wote waliotoka, na jibu hilo ni afadhali kuliko tisini kwa mia isiyo na daftari.

Jambo moja ni gumu zaidi huku kwetu kuliko huko California. Mafundi wetu wengi hawaajiriwi na mtu. Kijana aliyejifunza ushonaji hununua cherehani na kukaa barazani. Aliyejifunza kuunga vyuma hupata kibanda pamoja na mafundi wa jua kali. Huyo hana barua ya kazi wala hati ya mshahara, na chuo chaweza kumhesabu kuwa amefanikiwa hata kama cherehani imefunikwa gunia tangu Krismasi. Basi mzazi aombe aelekezwe kwa fundi mmoja au wawili waliotoka chuoni miaka miwili iliyopita, kisha apande matatu akawatembelee siku ya kazi, bila kutangulia kuwapigia simu.